Nguo ya Kuazima Haisitiri

Wapo watu, na wengi wao ni wasomi, wanaoamini kwamba kuipenda nchi ni shughuli ya siku za sikukuu. Siku hiyo ngoma hutolewa stoo, wachezaji huletwa kwa lori kutoka vijijini, wakubwa huketi kivulini wakapiga makofi, na jioni kila kitu hurudishwa stoo kungoja mwaka mwingine. Kesho yake mkubwa yule yule huvaa suti iliyoshonwa Paris, humkemea mwanawe kwa kusema lugha ya bibi yake mbele ya wageni, na huagiza chakula cha makopo. Akiulizwa kama anaipenda nchi yake hukasirika, kwa maana kwake swali hilo ni tusi.

Ugonjwa huo umeenea Afrika nzima. Lakini iko nchi moja ya Afrika Magharibi ambako umewahi kupigwa vita hadharani, kwa ushindi na kwa makosa pia, na ndiyo maana nchi hiyo inafaa kuwa darasa. Nchi hiyo ni Burkina Faso. Haina bahari wala fukwe za kuvuta watalii. Sehemu yake kubwa ni savana kavu na nyika za Saheli, ambako mvua hunyesha miezi michache, kisha vumbi likatawala. Hata hivyo, Mburkinabe anapoulizwa anapenda nini kwao, hakosi la kusema. Hutaja kitambaa kilichofumwa na mama zake, chakula cha mtama na majani ya mbuyu, lugha yake, na utani unaomwezesha kumcheka mtu wa kabila jingine bila kuzua ugomvi.

Vitu hivyo vyote vina sifa moja. Hakuna hata kimoja kinachoweza kuhifadhiwa kwa kusifiwa. Kitambaa kisipovaliwa, mfumaji hufunga kazi. Chakula kisipoliwa, ujuzi wa kukipika hufa pamoja na wazee. Lugha isiposemwa shuleni na ofisini hubaki jikoni, na utani usipotaniwa hugeuka kuwa chuki. Kupenda nchi, basi, ni kazi ya kila siku, na mwenye deni kubwa katika kazi hiyo ni mtumishi wa serikali na mwalimu, kwa kuwa hao ndio wanaotazamwa na umma wanapoamua nini ni heshima na nini ni aibu.

JINA

Jina lenyewe la nchi hiyo ni somo. Mpaka mwaka 1984 iliitwa Volta ya Juu, jina la mto lililobandikwa na Wafaransa kama mtu anavyobandika karatasi kwenye gunia. Tarehe 4 Agosti mwaka huo jina likabadilishwa. Neno "Burkina" ni la Kimoore, lugha ya Wamossi, na maana yake ni watu waadilifu, wasioinamishwa. Neno "Faso" ni la Kidiula, na maana yake ni nchi ya baba. Mwananchi wake huitwa Burkinabe, na silabi ile ya mwisho, "be", imetoka katika Kifulani. Lugha tatu zimekaa katika jina moja la taifa, na hakuna iliyoimeza nyingine. Msomaji wa Kiswahili, ambaye lugha yake huweza kubeba maana kubwa katika kiambishi kidogo, hahitaji kuelezwa thamani ya silabi hiyo moja.

Ili kuelewa kwa nini jina liliwagusa watu kiasi hicho, hapana budi kukumbuka yaliyowapata. Koloni la Volta ya Juu liliundwa na Wafaransa mwaka 1919. Mwaka 1932 wakalivunja, wakaigawa ardhi na watu wake baina ya Kodivaa, Niger na Sudan ya Kifaransa ambayo leo ni Mali. Sehemu kubwa ikaingizwa Kodivaa, ambako mashamba ya walowezi na kazi za reli zilikuwa zinadai vibarua. Mwaka 1947 koloni likaundwa upya, na uhuru ukapatikana tarehe 5 Agosti 1960. Kwa miaka 15, basi, nchi nzima ilifutwa katika ramani kwa kalamu ya mkoloni, kana kwamba ni hesabu iliyokosewa. Watu waliowahi kuambiwa kwamba nchi yao haipo wana haki ya kujali sana inaitwaje.

PAMBA

Baada ya jina, kitambaa. Wafumaji walikuwapo katika ardhi hiyo kabla ya mkoloni kufika. Wanawake walisokota nyuzi, wanaume wakafuma kanda nyembamba, na kanda hizo zikashonwa ubavu kwa ubavu zikawa nguo. Katika miaka ya 1920 utawala wa kikoloni ulilazimisha vijiji kulima pamba, lakini shabaha haikuwa kumvika mkulima. Shabaha ilikuwa viwanda vya Ufaransa. Hapo ndipo mkulima alipotenganishwa na nguo yake: alime yeye, afume mwingine, kisha auziwe kile alichokilima.

Mtindo huo haukufa siku bendera ya Ufaransa iliposhushwa. Burkina Faso ni mojawapo ya nchi zinazolima pamba kwa wingi barani Afrika, na mpaka leo sehemu kubwa mno ya pamba hiyo huondoka nchini ikiwa robota. Inayobaki kusokotwa na kufumwa nyumbani ni kidogo sana. Mkulima wake huenda sokoni akanunua mtumba, ambao kule huitwa "yugu-yugu" na ambao Watanzania wa miaka ya 1980 waliuita "kafa Ulaya". Mtu aliyeinama shambani tangu kupanda hadi kuvuna arudi nyumbani amevaa shati la marehemu wa nchi nyingine! Hali hiyo si ngeni kwa mkulima wa Shinyanga au Mwanza, naye amezoea kuona pamba yake ikipakiwa kwenda nje.

Wenye uwezo nao wana mtego wao. Huvaa vitenge vya rangi kali vya nta, wakatangaza kwamba wamevaa vazi la Kiafrika. Ni vema wakumbushwe asili ya kitambaa hicho. Waholanzi waliiga batiki za watu wa Java ili wawauzie Wajava wenyewe, na baadaye soko kubwa la vitambaa hivyo likawa Afrika Magharibi. Kampuni mashuhuri kuliko zote za biashara hiyo ilianzishwa mwaka 1846 katika mji wa Helmond, Uholanzi, na ingali huko. Hapana ubaya mtu kupenda rangi nzuri, na akina mama wa Afrika Magharibi wamevipa vitambaa hivyo majina na maana zao wenyewe. Lakini kiwanda cha kampuni hiyo kiko Helmond. Kuvaa nguo hiyo ni hiari ya mtu; kuiita uzalendo ni kujidanganya.

Kitambaa cha nyumbani kinaitwa "faso dan fani", yaani kitambaa kilichofumwa cha nchi ya baba. Kapteni Thomas Sankara, aliyeongoza nchi hiyo tangu tarehe 4 Agosti 1983 mpaka alipouawa tarehe 15 Oktoba 1987, alikifanya kuwa hoja ya siasa. Katika mkutano wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliofanyika Addis Ababa Julai 1987, alipokuwa akiwahimiza wakuu wenzake wakatae kwa pamoja kulipa madeni, aliwaonyesha pia nguo alizovaa yeye na ujumbe wake: pamba iliyolimwa kwao, ikafumwa kwao, ikashonwa kwao. Wengine ukumbini walicheka. Lakini hoja haikuwa ya kuchekesha. Kiongozi anayelalamikia madeni huku shati, viatu na tai yake vyote vimeagizwa nje anajibu malalamiko yake mwenyewe kabla hajafungua kinywa.

JOHO NYUMA YA MLANGO

Mpaka hapo wengi watapiga makofi. Lakini makofi yasitangulie mno, kwa maana sehemu ya pili ya kisa hicho ina uchungu. Serikali ya Sankara iliwaamuru watumishi wake wavae faso dan fani kazini. Inasimuliwa kwamba makarani wengi waliweka vazi moja ofisini, nyuma ya mlango au ndani ya kabati, na ziliposikika habari kwamba mkubwa anapita walilivaa haraka juu ya nguo zao. Watu wa mjini wakalibatiza vazi hilo jina: "Sankara anakuja". Alipouawa, amri ikafa pamoja naye, na wafumaji waliokuwa wamepata soko wakaliona soko hilo likinywea.

Nani alaumiwe? Wapo wanaomlaumu karani kwa unafiki, na kweli analo la kujibu. Mtu aliyesomeshwa kwa kodi ya mkulima wa pamba, kisha akaona haya kuvaa pamba ya mkulima huyo, amekula mbegu na kumcheka mpanzi. Kasumba ya kikoloni ndiyo iliyomfundisha kwamba tai ni elimu na kitambaa cha mkono ni ushamba. Wapo pia wanaoilaumu amri, nao wana haki. Mapenzi ya nchi hayaletwi na waraka wa ofisini. Amri inaweza kumvika mtu mwili, haiwezi kumvika moyo. Na vazi linalovaliwa kwa hofu huvuliwa siku hofu inapoondoka.

Kosa hilo halikuishia katika nguo. Machi 1984, baada ya mgomo wa chama chao, walimu zaidi ya 1,000 walifukuzwa kazi, na vijana waliofundishwa kwa haraka wakapelekwa madarasani kushika nafasi zao. Joseph Ki-Zerbo, mwanahistoria mkubwa kuliko wote aliyetoka katika nchi hiyo, aliyehariri juzuu ya kwanza ya Historia Kuu ya Afrika ya UNESCO, alikwenda uhamishoni mwaka 1983, akarudi mwaka 1992. Utawala uliotaka Mburkinabe ajivunie historia yake ulikuwa umempoteza mwandishi wa historia hiyo. Mwalimu ndiye anayemwambia mtoto kwamba cha kwao ni kizuri. Serikali inayomfukuza mwalimu kisha ikatangaza utamaduni redioni imevunja mtungi, halafu inahubiri juu ya maji.

Wanaomheshimu Sankara, nao ni wengi barani, hawamtendei haki kwa kuyaficha hayo. Aliona sawasawa kwamba uhuru wa taifa unaanzia katika nguo, chungu na ulimi. Alikosea alipodhani kwamba wananchi wanaweza kukimbizwa kufika huko. Mambo yote mawili ni kweli.

Onyo hilo halijapitwa na wakati. Katika miaka ya 2010 faso dan fani lilirudi kwa nguvu katika sherehe za kitaifa, na katika miaka ya 2020 serikali ya wanajeshi ikaamua litumike katika sare za wanafunzi na katika majoho ya mahakimu. Hatua hizo ni njema, kwa kuwa zinampa mfumaji soko. Lakini mwaka 2024 baadhi ya mahakimu na waendesha mashtaka waliandikiwa amri ya kwenda vitani, na vyama vyao vikalalamika kwamba walikuwa wakiadhibiwa kwa kazi yao. Joho la pamba ya nyumbani haliifanyi hukumu iwe ya haki. "Burkina" ni uadilifu. Kitambaa kitakachofunika dhuluma kitakuwa kimeliaibisha jina la nchi yenyewe.

BEI

Wapinzani wa kitambaa cha nyumbani wana hoja moja yenye uzito: bei. Kitambaa kilichofumwa kwa mkono huchukua siku nyingi za kazi ya mtu, na hakiwezi kuuzwa kwa bei ya kitambaa kinachomwagwa na mashine. Mwalimu wa shule ya msingi mwenye watoto watano hawezi kuambiwa kwamba yeye ni msaliti kwa sababu amenunua shati la bei nafuu. Hilo ni kweli na lisifichwe.

Lakini wanaoitoa hoja hiyo kwa sauti kubwa mara nyingi si walimu wenye watoto watano. Ni wale ambao suti yao moja ingeweza kumlipa mfumaji kwa miezi. Tena hoja hiyo husahau kwamba mnunuzi mkubwa kuliko wote nchini ni serikali. Sare za wanafunzi, mashuka ya hospitali, mapazia ya ofisi, zawadi za wageni wa taifa: vyote hivyo hununuliwa kwa fedha za umma. Fedha hizo zikienda kwa mfumaji wa Ouagadougou, ambako katika miongo ya karibuni wanawake wengi wamekaa kwenye kitanda cha mfumi wakisomesha watoto kwa kazi hiyo, zitazunguka nchini. Zikienda ng'ambo zimekwenda. Na kwa mwenye mshahara mdogo wapo wenyeji wa Bobo-Dioulasso waliokwisha kutoa jibu kwa "koko dunda", kitambaa cha pamba kilichotiwa rangi kwa mkono, ambacho bei yake ni nafuu kuliko ya faso dan fani na ambacho vijana wamekipenda.

Adui mpya wa kitambaa hicho ni mwigo. Viwanda vya Asia huchapa michoro inayofanana na ya mfumaji, na kitambaa hicho cha kuiga huuzwa sokoni kwa bei ya chini. Ndiyo maana imelazimu vitambaa vya nyumbani vipewe alama rasmi za kuvitambulisha. Alama hizo zitasaidia, lakini hakuna alama itakayomsaidia mfumaji kama mnunuzi mwenyewe hajali. Ofisa wa forodha anayefumba macho, na mfanyabiashara anayechanganya bandia na halisi, wanaiba kutoka kwenye kitanda cha mfumi kama mwizi anavyoiba kutoka ghalani.

ULIMI

Katika lugha yamo makosa makubwa zaidi, na ya ajabu zaidi. Mwaka wa masomo wa 1979 Volta ya Juu ilianza majaribio ya kuwafundisha watoto wa shule za msingi kwa Kimoore, Kidiula na Kifulani. Mwaka 1984 majaribio hayo yakasimamishwa. Msomaji autazame mwaka huo vizuri. Ni mwaka ule ule ambao nchi ilijipa jina lililotungwa kwa lugha hizo hizo tatu! Lugha zikapandishwa kwenye bendera ya maneno, zikashushwa kutoka ubaoni. Hakuna mfano bora wa namna utamaduni unavyoweza kusifiwa jukwaani na kunyongwa darasani.

Wanaotetea jambo hilo husema lugha za wananchi haziwezi kubeba elimu ya kisasa, na kwamba wazazi wenyewe wanataka Kifaransa. Jibu la hoja ya kwanza lilipatikana katika nchi hiyo hiyo. Katika miaka ya 1990 zilianzishwa shule za lugha mbili, ambamo mtoto huanza kusoma kwa lugha ya kwao na kuingia Kifaransa hatua kwa hatua. Watoto wa kwanza wa shule hizo walifanya mtihani wa kumaliza elimu ya msingi mwaka 1998, baada ya muda mfupi kuliko miaka 6 ya shule za kawaida, na waliofaulu walizidi wastani wa taifa. Mtoto anayeelewa anachoambiwa hujifunza haraka; jambo hilo halihitaji falsafa.

Ushahidi mwingine uko katika sinema. Tamasha kubwa la filamu za Afrika, FESPACO, lilianzishwa Ouagadougou mwaka 1969, katika nchi maskini ambayo wataalamu wangesema haina haja ya anasa hiyo. Mwaka 1982 Gaston Kaboré alitoa "Wend Kuuni", filamu ya Kimoore juu ya mtoto bubu aliyeokotwa porini na kulelewa na familia ngeni mpaka sauti yake ikarudi. Mwaka 1990 filamu ya Idrissa Ouédraogo, "Tilaï", nayo ya Kimoore, ikapata Tuzo Kuu ya Majaji huko Cannes. Lugha iliyoambiwa haiwezi kufundisha hesabu za darasa la tatu ilikuwa inawafundisha Wafaransa sinema nyumbani kwao.

Hoja ya pili, ya wazazi, ina ukweli ndani yake. Mzazi hutaka mwanawe ajue lugha inayotoa kazi. Mwishoni mwa mwaka 2023 katiba ilibadilishwa: lugha za taifa zikafanywa lugha rasmi, na Kifaransa kikabaki lugha ya kazi. Swali ni kama fomu, hukumu, risiti na barua za ajira zitaandikwa kwa lugha hizo. Zisipoandikwa, mzazi hatadanganywa na katiba. Karani akianza kumjibu mkulima kwa Kimoore kilichoandikwa vizuri, badala ya kumpigia kelele kwa Kifaransa kupitia dirishani, hapo ndipo katiba itakapokuwa imeanza kazi.

MEZANI

Mambo ya chakula huonekana madogo kwa watu wanaopenda hotuba. Hata hivyo, nchi huingia mwilini mwa mtu kwa njia ya kinywa kwanza. Chakula kikuu cha Burkina Faso ni "to", ambacho Mtanzania angekiita ugali wa mtama au wa uwele, kikiliwa na mchuzi wa bamia au wa majani ya mbuyu. Mchuzi hukolezwa kwa "sumbala", mbegu za mti wa nere zilizochemshwa, zikavundikwa, zikafinyangwa madonge. Harufu yake ni kali, na ndiyo iliyowafanya wasomi wengi waione haya. Badala yake wakaingiza vipande vya chumvi na viungo vya viwandani, vilivyofungwa katika karatasi inayong'aa. Mama aliyekuwa akiuza sumbala akapoteza wateja, mlaji akapata chumvi nyingi, na wote wawili wakaambiwa hayo ni maendeleo.

Watu hao hao husifu jibini ya Kifaransa yenye harufu kali zaidi, wakiita harufu hiyo ustaarabu. Basi tatizo halikuwa pua zao.

UTANI

Kisha kuna hazina ambayo Mburkinabe huitaja akicheka, na ambayo Mtanzania anaielewa bila mkalimani: utani wa makabila. Mmossi na Msamo ni watani. Mbobo na Mfulani ni watani. Mgurunsi na Mbisa ni watani, na Mbisa hatapumzika kusikia kejeli juu ya mapenzi yake ya karanga. Mtani huweza kumwita mwenzake mtumwa wake mbele ya watu, huweza kuvuruga mazishi kwa mizaha mpaka apewe chochote, na wafiwa wakajikuta wanacheka katikati ya machozi. Mzaramo na Mnyamwezi wanaufahamu mchezo huo vizuri. Kwa nje ni upuuzi. Kwa ndani ni mkataba wa amani usio na karatasi. Mtu aliyepewa ruhusa ya kukutukana hana haja ya kukuua.

Hazina hiyo leo iko hatarini kuliko kitambaa. Tangu mwaka 2015 Burkina Faso imeshambuliwa na makundi yenye silaha yanayodai kupigania dini, na kufikia mwaka 2023 zaidi ya watu milioni 2 walikuwa wameyakimbia makwao ndani ya nchi. Kwa kuwa baadhi ya wapiganaji hao waliandikishwa miongoni mwa Wafulani, wapo waliowageuza Wafulani wote kuwa watuhumiwa. Januari 1, 2019, baada ya shambulio katika kijiji cha Yirgou lililomuua mkuu wa kijiji, Wafulani kwa makumi waliuawa kwa kulipiza kisasi. Waliouawa walikuwa majirani. Silabi ya mwisho ya jina la kila mwananchi wa nchi hiyo imetoka katika lugha yao.

Hapa ndipo mapenzi ya nchi yanapopimwa. Mtu anayevaa faso dan fani, akala to, akasema Kimoore safi, kisha akamtazama jirani yake Mfulani kama adui kwa sababu ya ukoo wake tu, ameikataa nchi anayodai kuipenda. Amekata "be" kutoka katika "Burkinabe". Mwalimu anayenyamaza watoto wanapotukanana kwa kabila, si kwa utani bali kwa chuki, anashiriki katika kukata huko. Mtumishi anayecheleweshea mkimbizi kitambulisho chake kwa sababu ya jina lake naye anashiriki, hata kama ofisini kwake kuna kinyago na picha ya mashujaa.

Ki-Zerbo alikipa kitabu chake kimoja jina la methali: mkeka wa wengine. Methali hiyo huonya kwamba anayelala juu ya mkeka wa mwingine amelala chini. Waswahili wamesema neno hilo hilo kwa njia yao, kwamba nguo ya kuazima haisitiri maungo. Wazee waliokaa mbali hivyo, hawakuwahi kukutana, wakafikia uamuzi mmoja. Lakini wote wawili walijua jambo la pili, ambalo wanaopenda methali jukwaani hulisahau: mkeka wako mwenyewe husukwa kwa mikono, na nguo yako mwenyewe husokotwa uzi kwa uzi. Anayetaka kulala juu ya mkeka wake bila kuusuka atalala chini vile vile.

Kwa hiyo wasomi wa Burkina Faso, na wenzao wa Afrika yote wanaokaa katika ofisi na madarasa yaliyojengwa kwa jasho la wakulima, wasiulizwe tena kama wanaipenda nchi yao. Waulizwe wamenunua nini mwezi huu, wamemjibu mkulima kwa lugha gani asubuhi ya leo, wamewafundisha watoto kumwita jirani jina gani. Majibu ya maswali hayo hayahitaji ngoma wala jukwaa. Yako katika risiti, katika daftari la mwanafunzi, na katika uso wa mwananchi anayetoka dirishani akiwa amehudumiwa kama mtu.